Wivu Wangu kwa Mama Spesi

Lusahunga, Jumapili jioni

Mwanangu Koleta,

Ulisema utarudi kabla ya giza. Giza limeshaingia, taa nimewasha, ndizi zimeiva na sasa zinaanza kupoa, na wewe bado uko Makao unamuaga Mama Spesi. Mtu wa kuagwa ni mimi niliyekuzaa, lakini nimeachiwa jiko na mbuzi. Basi nimechukua kalamu. Nikingoja urudi niseme kwa mdomo, nitasema vibaya kama nilivyosema mchana, na kesho asubuhi basi la Mwanza halitangoja mpaka nimalize kukasirika.

Sitakuandikia mambo ya kufua na kukunja mashuka, wala ya wezi wa stendi. Hayo baba yako amekuwa akikuambia tangu juzi, na hata sasa amekwenda njia panda kuhakikisha nafasi yako kwenye basi, utadhani kiti kinaweza kutoroka. Mimi nataka kukuandikia habari ya wivu. Una mama mwenye wivu, Koleta, na umelijua hilo siku zote, ila hatujawahi kukaa chini tukalisema.

Mchana uliniuliza, "Mama, kesho Mama Spesi aje kunisindikiza barabarani?" Nilikuwa namenya ndizi. Nikakujibu bila kuinua macho, "Barabara ni ya serikali. Akitaka aje." Ukachukua kanga yako, na pale mlangoni uligeuka ukanitazama kama mtu anayetaka kuongeza neno, halafu ukaenda zako. Tangu hapo sijatulia. Nimefagia ua ambao ulikuwa umeshafagiliwa, nimempa mbuzi majani mpaka ameyakataa. Sitaki upande basi ukiwa na jibu lile kichwani.

Nianzie mbali kidogo, maana wewe umekua ukiyaona Makao yapo tu, na huenda unadhani yalishushwa na malaika. Yalijengwa na watu, na wengi wetu hatukuwa malaika. Mwaka ule watu walipovuka mpaka kwa wingi wakikimbia vita, ulikuwa darasa la tatu. Wengi walipelekwa makambini kule Ngara. Lakini wapo waliobaki njiani: wazee ambao miguu iliwagomea, akina mama wanaotafuta watoto, watoto wanaotafuta mama. Wapo pia wa hapahapa kwetu, wajane waliofukuzwa mashambani na shemeji zao, nao wakaona afadhali walale penye watu. Wote hao walikuwa wanalala kwenye vibaraza vya maduka pale njia panda, mvua ikinyesha wanasogeana. Jumapili moja Katekista Deo alisimama baada ya ibada akasema kigango kina banda la matofali lisilo na bati, na hajasoma mahali popote kwamba Mungu amekataza watu kuezeka.

Ndivyo Makao yalivyoanza. Wanaume wakafyatua matofali ya kuongeza vyumba, baba yako akiwa mmoja wao, mgongo ukamuuma msimu mzima. Bati zikatoka parokiani. Mzee Salum wa duka, ambaye ni Mwislamu na hajawahi kukanyaga kanisani kwetu, akawa analeta chumvi na sabuni kila mwisho wa mwezi, akisema kwake hiyo ni sadaka tu na asitajwe. Katekista akamtaja hivyohivyo. Madereva wa malori ya Rusumo, kule mpakani, walishusha mahindi, leo debe, kesho nusu gunia. Watoto wa shule mliambiwa kila mmoja apite na ukuni mmoja, na wewe ulikuwa unachagua mnene kuliko wote. Mara mojamoja yalifika maboksi ya nguo kutoka ng'ambo, makoti mazito ya baridi ambayo hatujawahi kuiona. Mzee mmoja alichukua koti la kike lenye vifungo vikubwa vyekundu akalivaa kila siku, na hakuna aliyemcheka, maana alfajiri ya hapa nayo ina baridi yake.

Akina mama tulipangiwa zamu za kupika, kila jumuiya na siku yake. Yetu ilikuwa Jumatano.

Ningependa nikuambie kwamba niliguswa moyoni nikajitolea. Nilikwenda kwa sababu ya Mama Yusta. Katekista alimsifia maharage yake mbele ya waumini wote, na mimi nikahisi moto masikioni. Maharage ya Mama Yusta yana mawe! Kila mtu anajua, ila hawasemi kwa sababu yeye ndiye mwenyekiti wa jumuiya. Jumatano iliyofuata nilifika kabla ya kuku kushuka mtini, nikapika mpaka watu wa Makao wakawa wanaulizana zamu yangu ni lini tena. Halafu wakaja wageni wafadhili na kamera. Mama Yusta akasimama mbele ya wote akiwa ameshika sufuria yangu. Yangu, Koleta, yenye mpini uliofungwa waya na baba yako. Picha ile imetundikwa ofisini parokiani, na mpaka leo nikiingia pale macho yanakwenda kwenye sufuria yangu mikononi mwa mwanamke mwingine. Baba yako anasema mimi hata mbuzi wa jirani akisifiwa maziwa nitamwonea wivu, na siwezi kumbishia.

Sasa unakwenda kusomea uuguzi, maisha yako yote utakuwa na watu waliokuja kusaidia. Utawakuta wa namna yangu, waliokuja ili waonekane. Wavumilie. Chakula nilichokipika kwa wivu kilishibisha watu vilevile.

Ndipo akaja Spesioza. Alishushwa na lori, mguu umevimba, kifurushi chake kidogo mno kuwa cha mtu mzima. Alitokea Burundi, akakaa kambini Ngara, akatoka kambini kwa sababu binti yake, Goreti, alimpotea njiani siku ya kuvuka, na mtu alimwambia kwamba magari yote yanayotoka mpakani hupita Lusahunga. Akaamua kuishi pale magari yanapopita. Alikuwa akikaa karibu na mlango wa Makao, na kila lori likisimama njia panda anainuka kwa ule mguu wake kwenda kuuliza. Mkono wake hakuunyoosha kuomba chochote. Ukimpa anapokea kwa mikono miwili, anasema "urakoze", asante ya kwao, anasogea pembeni.

Wewe ulikuwa unanifuata Jumatano ukibeba mfuniko. Siku moja nilikutuma umpelekee uji. Nilipogeuka kutoka jikoni nikakukuta umekaa chini kati ya magoti yake, anakufumua nywele nilizokusuka mimi mwenyewe Jumapili, anakusuka upya. Sikupenda. Nilisema tu, "Twende, jua linazama," na jua lilikuwa bado juu.

Baada ya hapo nyumbani kwangu ikawa ni Mama Spesi asubuhi, Mama Spesi jioni. "Mama Spesi anasema kidonda kioshwe na maji ya chumvi ya uvuguvugu." "Mama Spesi anasema maharage yasikorogwe." Mimi nimepika maharage tangu kabla hujazaliwa! Hata jina lako alikubadilishia. Kwa ulimi wake wa kwao wewe ni Koreta, na ukiitwa Koreta unakimbia, lakini mimi nikikuita Koleta unasema, "Subiri, mama." Uliona anavyowahudumia wagonjwa wa Makao, ukawa unamshikia beseni, hukuziba pua, na ulikuwa mdogo. Watu wakaniambia, "Mama Koleta, binti yako ana moyo." Nikasema asante. Moyoni nilijua moyo huo hawakuuona kwangu, waliuona kwake.

Sasa habari ya vyombo. Chakula cha wote tulikuwa tunapikia pale pale, lakini kwa wagonjwa na waliofika karibuni kila mama alikuwa analeta kitu kutoka nyumbani kwake, kwenye bakuli lake, amelifunga kitambaa. Na unajua desturi yetu: jirani akikuletea chakula kwenye chombo chake, huna ruhusa ya kukirudisha kitupu. Unaweka kitu ndani, mayai, unga, fungu la mchicha, ndipo unarudisha. Basi vyombo vilivyokwenda Makao vikawa havirudi. Leo bakuli la huyu, kesho sahani ya yule. Kwenye jumuiya yakaanza manung'uniko. Mama Yusta akasema, "Tunawalisha watu, kumbe na vyombo wanavila." Wanawake wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu nilikuwa na neno.

Wewe ulikuwa umeniambia bila kujua unachosema. Ulisema, "Mama, Mama Spesi ana mabakuli mazuri chini ya kitanda, na lako lipo." Nikasimama mbele ya jumuiya nikamtaja kwa jina. Bakuli langu lilikuwa lile la bati lenye maua mekundu, na sikutaka mwanamke yule awe na mtoto wangu na bakuli langu pia.

Tukaenda, kundi zima, Katekista akiwa mbele amekunja uso. Ulikuwepo, unakumbuka. Katekista aliuliza kwa upole, "Mama, eti vyombo vya hawa akina mama viko kwako?" Spesioza akapiga magoti, akaanza kuvitoa chini ya kitanda, kimoja kimoja. Vimeoshwa, vimekaushwa, kati ya kimoja na kingine kipande cha kitambaa visigongane. Vya kila mtu pale Makao, si alivyoletewa yeye peke yake. Walikuwa wamempa avitunze.

"Mbona hamkurudisha?" Mama Yusta aliuliza.

Spesioza alimtazama kama mtu aliyeulizwa mbona havai nguo. Akasema, "Ntarudishaje bakuli tupu, mama? Hatujapata cha kuweka."

Wale wanawake wote waliijua desturi hiyo tangu utotoni. Tulichofanya ni kudhani kwamba mtu akikosa kitu na adabu nayo imemwisha. Ila mimi nilikuwa na la ziada. Mimi nililijua jambo hili zaidi ya wote waliosimama pale, na sikuwa nimekueleza kwa nini.

Bibi yako mzaa mama naye alivuka mpaka, miaka mingi kabla ya hawa, mimi nikiwa mtoto wa kushikwa mkono. Tulifikia Murusagamba, kule Ngara, hatuna hata kijiko. Mwanamke mmoja wa Kihangaza, mwenyeji wa pale, alituletea maharage na ndizi, na mama yangu alikula machozi yakimtoka, si kwa njaa, kwa kulitazama bakuli. Alilining'iniza ukutani. Kila asubuhi yule mwanamke alipita njiani kwenda shambani, na mama yangu alijificha nyuma ya nyumba asionane naye. Mpaka maharage yetu ya kwanza yalipokauka. Yale yenye madoadoa ya zambarau, unayajua. Akalijaza bakuli, akanituma mimi, na nilitembea siku ile nikiwa nimenyoosha shingo kama mke wa chifu. Nilipoolewa huku Lusahunga, yule mwanamke alikuja harusini na zawadi, na zawadi ilikuwa bakuli hilohilo, la bati, lenye maua mekundu.

Ndilo nililosimama kulidai kwa Spesioza kama mali ya wizi. Nilimwona mama yangu amepiga magoti pale, na hata hivyo sikufungua mdomo. Najua ulinitazama. Katekista alisema, "Chukueni vyombo vyenu," na hakuna mwanamke aliyenyoosha mkono. Tulirudi nyumbani mikono mitupu, hata Mama Yusta.

Wiki ileile Katekista alipata kipande cha ardhi nyuma ya kigango, Makao wakaanza kulima. Mchicha, maboga, mahindi kidogo. Wasioweza kulima wakafunga mifagio ya nyasi. Tangu siku hiyo chombo kikienda na chakula kinarudi na kitu, hata kama ni majani ya maboga ya kushika kwa mkono mmoja. Akina mama wakaanza kusaidia kwa namna nyingine. Walikaa, walipiga soga, waliulizana habari za wajukuu. Zamani tulikuwa tunapakua na kukimbia.

Bakuli langu lilikuwa la mwisho kurudi. Lilirudi limejaa maharage ya madoadoa ya zambarau.

Nililitazama mpaka macho yakauma. Mbegu ile hapa Lusahunga ninayo mimi peke yangu. Nikakuita nikakuuliza ameipata wapi, na hukudanganya. Ulikuwa umechota kwenye mtungi wangu wa mbegu, kiganja kimoja, ukampelekea akapande.

"Unaniibia mimi kumpa yeye?" nilikupigia kelele.

Ukasema, "Sikumpa ziwe zake, mama. Nilimpa ili apate cha kukurudishia."

Mwanamke mwingine angekukumbatia. Mimi nilikununia. Nilitaka kitendo kizuri kama kile unifanyie mimi, Koleta. Nilitaka siku moja uingie mtungini kwa mtu mwingine kwa ajili ya aibu yangu mimi. Ni upumbavu, najua, mtu anaombea mwanawe awe mwema halafu anapima wema huo umemwangukia nani. Nimekuwa nikiupima mpaka leo mchana.

Halafu ikaja ile homa. Ulichemka siku kadhaa, mimi nimekaa kando yako na kitambaa cha maji, silali, sili. Na katika kuweweseka ukaita, "Mama Spesi." Nilikuwa nimekushika mkono! Nikasema, "Mimi hapa." Ukaita tena, "Mama Spesi." Baba yako alitoka nje ili asinione uso. Katika maisha yangu nimefiwa na mama, nimefiwa na kaka, lakini ile sauti yako ilinikata mahali ambapo msiba haukufika.

Ulipopona nikakukataza kwenda Makao. Nilisema ni kwa sababu ya magonjwa. Ukanitii msimu mzima, na nyumba ikawa kimya kama nyumba ya walevi wanaolala. Jumatano nilikwenda peke yangu. Spesioza hakuuliza hata mara moja uko wapi. Ila kila nilipoondoka aliniwekea mapera kwenye bakuli akasema, "Ya Koreta." Na mimi, mwanangu, niliyala njiani. Yote. Nilikuwa natembea nakula mapera yako kwa hasira, mbegu zinakwama kwenye meno, nafika nyumbani bakuli limefutwa safi. Sasa nikiona mpera najisikia kucheka na kulia.

Jumatano moja aliniomba nikae. Tulikaa kwenye lile benchi la mlangoni. Lori lilisimama njia panda, akainuka, akaenda kuuliza, akarudi kwa mwendo wake, akakaa tena. Akasema, "Mama Koreta, kuna kitu ninaomba kwa Mungu kila siku. Ninaomba Goreti wangu awe amepata mwanamke wa kumsuka nywele. Popote alipo. Amusuke, amupe uji, amuite jina lake vibaya, si kitu. Awepo tu."

Akaendelea, "Siku nikimupata mutoto wangu, huyo mwanamke ntamushukuru. Na ntamuonea wivu mpaka nife."

Aliposema hivyo aligeuka akanitazama, na akatabasamu, na nikajua amejua siku zote, hata habari ya mapera. Hakunihukumu. Alikuwa ananionea wivu na yeye. Mimi nilikuwa najua mtoto wangu amelala wapi.

Nilirudi nyumbani na mapera yamefika salama. Nikakuambia, "Kesho ukitoka shule pitia Makao." Ulikimbia bila kubadili sare.

Lakini usidhani nilipona. Nilikuruhusu uende kwake, sikumruhusu yeye aje kwangu. Miaka yote hii, kila ukitoka Makao anakusindikiza mpaka kwenye michongoma ya ua wetu, mnasimama mnamalizia maneno yenu, halafu anageuka. Sijawahi kumwambia karibu. Namsikia nikiwa hapahapa jikoni, nasikia mguu wake unavyoburuta kidogo anaporudi, na kila mara nasema moyoni, wiki ijayo. Ameulizia magari mpaka madereva wanamwita kwa jina. Goreti hajapatikana. Na mimi nimemfungia hata ua wa michongoma.

Wiki hii nimepata fundisho kutoka upande mwingine. Mashuka unayokwenda nayo ni ya akina mama wa jumuiya. Sabuni ni ya Mzee Salum, naye akasema asitajwe, nami namtaja. Sanduku alilileta Mama Yusta mwenyewe, akalisimamisha katikati ya ua majirani wakiona, nikasema asante, akajifanya hakusikia, nikasema tena. Koleta, kupokea ni kazi nzito! Mikono inakuwa mizito, uso hujui uuweke wapi. Nilipika kwa ajili ya Makao miaka yote hiyo na sikujua jambo hilo mpaka niliposimama na sanduku la Mama Yusta. Jana nilimpelekea ndizi, mkungu mzima, nikazidisha makusudi. Alifurahi, na nadhani ananidai tena kitu, maana amesema atakuja.

Chini ya mashuka utakuta bakuli la maua mekundu. Ndani nimeweka maharage ya bibi yako, nimeyafunga kitambaa. Usiyapike yote. Huko Mwanza, baada ya muda, atajitokeza mwanamke. Sijui ni nani. Labda mama wa bwenini, labda muuguzi mzee, labda muuza uji wa nje ya geti atakayekuona umenyong'onyea akakuongezea kikombe. Usimkwepe kwa ajili yangu. Nakujua, utaniandikia barua bila kumtaja, ukidhani unanilinda. Mtaje. Mpelekee maharage kwenye bakuli hilo, naye atakurudishia kitu ndani, na ndivyo utakavyokuwa na mtu. Mimi nitamwonea wivu kutoka huku Lusahunga, nitanuna, nitafagia ua uliofagiwa, na Jumapili nitamwombea. Vyote hivyo vinaingia katika moyo mmoja, nimehakikisha mwenyewe.

Utakapoisoma barua hii utakuwa ndani ya basi, na utakuwa unajua tayari kilichotokea usiku huu. Mimi naandika sijakijua bado. Nasikia sauti zenu mbili njiani. Unacheka kile kicheko chako cha Makao. Nasikia na mguu wake. Mmefika kwenye michongoma na mmesimama, na sasa ananong'ona, maana anadhani nimelala au nimekasirika.

Nimeshaweka sahani ya baba yako, yako na yangu. Naongeza moja. Ndizi zimepoa lakini moto upo, zitapashwa. Kesho tutakwenda naye barabarani, mimi nishike sanduku upande huu na yeye upande ule, na basi likiondoka tutabaki wawili pale njia panda, wanawake wawili tunaotazama magari.

Anageuka kuondoka. Nakwenda kumwita.

Mama yako